Pini ya Tatu

Mabibi wawili wakiwa na mjukuu mmoja, usidanganyike na tabasamu zao. Watakumbatiana mlangoni, wataulizana habari za magoti na presha, lakini kila mmoja anapiga hesabu kimoyomoyo mtoto amekaa kwa nani siku nyingi zaidi. Fundi cherehani wa hadithi hii alikuwa ndani ya mashindano hayo, na alikuwa anashindwa vibaya. Bibi mwenzake, mama mzaa baba wa mtoto, alikuwa na ua wenye bembea, televisheni iliyojaa ukuta mzima, na paka aliyezaa watoto watatu. Yeye Fundi alikuwa na chumba cha mbele chenye cherehani mbili, meza ya kukatia, marobota ya vitambaa na kioo kirefu kilichopasuka pembeni. Mtoto wa miaka mitatu na nusu atafanya nini na robota la kitambaa cha bitana?

Mtoto mwenyewe aliitwa Kidoti, kwa sababu ya alama ndogo nyeusi aliyozaliwa nayo juu ya mdomo. Mama yake, binti pekee wa Fundi, alikuwa amepata kazi ya zamu ya asubuhi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli kubwa, kukunja mashuka na kupiga pasi foronya, na kila siku saa moja alimleta Kidoti kwa bibi yake. Wiki ya kwanza ilikuwa ya kilio tu. Mtoto alikaa chini ya meza ya kukatia, kamasi zinamtiririka, akauliza lini ataenda kwa bibi wa paka. Fundi alijaribu biskuti, alijaribu kumtania kwa kumwita mke mwenzangu, akamwambia wasigombane kwa kuwa mume wao alishakufa zamani. Kidoti alimtazama tu, akauliza tena habari za paka. Swali hilo lilimchoma Fundi kuliko sindano, maana sindano alishazizoea.

Kilichobadilisha mambo ni pini. Kwa miaka thelathini na minane Fundi alikuwa amefanya kazi pini zikiwa zimepangwa midomoni, vichwa nje, akichomoa moja moja kubana pindo. Mafundi wengi wa rika lake hufanya hivyo, mikono miwili ikiwa imeshika kitambaa, na hata hawajui tena kwamba wanafanya. Siku moja Kidoti alitoka chini ya meza akasimama mbele yake, kilio kimekatika katikati, akauliza kama bibi anazila. Fundi alimjibu kwa kona ya mdomo kwamba hazili, zinakaa pale kungoja zamu yao. Kidoti alicheka. Kicheko hicho kilikuwa cha kwanza tangu aanze kuletwa, na Fundi alikisikia hadi kwenye mifupa.

Kesho yake mtoto alitaka na yeye awe fundi. Hapo ndipo ilipotakiwa isemwe hapana, na hakuna aliyejua zaidi ya Fundi mwenyewe. Wasichana wote aliowafundisha ushonaji walikatazwa kutia pini mdomoni. Aliyekutwa nayo alirudishwa nyumbani siku hiyo hiyo. Lakini mtoto alikuwa amesimama pale, uso umeinuliwa, midomo imebanwa tayari, na macho yanang'aa. Fundi akachagua pini tatu zenye vichwa vya plastiki, nyekundu, njano na nyeupe, akazipanga taratibu katikati ya ile midomo midogo. Akawa anazichomoa moja moja na kubana pindo, na kila akichukua anasema, "Asante, fundi." Kidoti alisimama wima bila kutikisika, amejaa fahari.

Baada ya wiki mbili mtoto alikuwa anafika anakimbia, anasahau hata kumuaga mama yake. Binti alishangaa, akasema hajui mama yake amempa mtoto dawa gani. Fundi alitabasamu akasema ni mazoea tu. Ukweli ni kwamba hajawahi kuwa na furaha kama ile tangu afiwe na mumewe. Alikuwa akiamka mapema kuliko lazima, anapanga meza, anachungulia dirishani kuona kama wanakuja. Lakini ule mchezo hakumwambia mtu, na kila mama mtu alipokuja kumchukua mwanawe, kopo la pini lilikuwa limeshafungwa na kuwekwa juu ya kabati.

Jumatano moja, saa nne asubuhi, walikuwa kwenye pindo la gauni la mwalimu mmoja aliyekuwa na haraka nalo. Pini tatu zilikuwa midomoni mwa Kidoti, hakuna iliyokuwa imechomolewa bado. Mlango ukagongwa. Alikuwa mwalimu mwenyewe, amekuja kuuliza kama gauni litakuwa tayari mchana. Fundi akamwambia Kidoti asimame hivyo hivyo, akaenda mlangoni. Hakukaa huko hata dakika mbili. Alikuwa bado anamhakikishia mwalimu kwamba gauni litakuwa tayari, aliposikia kikohozi nyuma yake.

Hakikuwa kikohozi cha mafua. Kilikuwa cha kukaba, kimoja kikifuatwa na kingine bila nafasi ya kuvuta pumzi. Fundi alimfungia mwalimu mlango usoni akarudi mbio. Kidoti alikuwa ameinama, uso umemwiva, machozi yanamtoka, mikono imeshika shingo. Bibi yake akampiga mgongoni, akamwinamisha zaidi, akamwita majina yote ya mapenzi aliyoyajua. Mara kikohozi kikaisha. Mtoto akanyanyuka, akajifuta pua kwa mkono, akavuta pumzi. Midomoni hapakuwa na kitu.

Fundi alimuuliza pini ziko wapi. Kidoti akamtazama kwa woga, akaonyesha tumbo. Akaulizwa ni ngapi, akainua vidole viwili, halafu vinne, halafu akaficha mkono mgongoni. Mtoto anayeona bibi yake anatetemeka hawezi kuhesabu.

Kila fundi ana sumaku yake ya kuokotea pini, na ya Fundi ilikuwa kubwa, ya kutoka kwenye spika mbovu. Alipiga magoti akaipitisha sakafu nzima, chini ya meza, chini ya cherehani zote mbili, kwenye mapindo ya lile gauni, kwenye nguo za mtoto mwenyewe. Ilinasa pini moja yenye kichwa cheupe, iliyokuwa karibu na mguu wa kiti. Akaipitisha tena. Ikanasa vipande vya sindano vya zamani na kifungo cha chuma. Nyekundu na njano hazikuwepo. Fundi alibaki amepiga magoti, na jambo moja tu lilikuwa kichwani mwake: mtoto huyu anaweza kufa, na ni mimi niliyemtia mauti mdomoni.

Alipompigia binti yake simu ndipo ulimi ulipomsaliti. Alikuwa amekusudia kusema yote. Lakini aliposikia sauti ya binti ikiuliza kuna nini, ikiwa tayari imejaa wasiwasi, maneno yaliyomtoka yalikuwa mengine. Alisema Kidoti ameokota pini moja sakafuni, nadhani ameimeza, nampeleka hospitali sasa hivi. Pini moja, sakafuni. Hata yeye alishangaa jinsi uongo ulivyotoka umenyooka, kama aliukata kwa rula. Njiani ndani ya teksi alimpakata mtoto na kuweka sikio kifuani pake, na kila teksi iliporuka tuta moyo wake uliruka nayo. Kidoti alikuwa ametulia. Alikuwa anaangalia magari.

Hospitali ya jirani ilikuwa ndogo, ya vyumba sita na korido moja iliyonuka dawa ya kudekia. Daktari alikuwa kijana wa miwani, mpole, anayeongea na watoto kwa kuchuchumaa. Aliuliza imekuwaje, na Fundi akarudia maneno yale yale ya kwenye simu. Uongo wa pili haukuhitaji nguvu nyingi. Daktari akauliza kama mtoto alikohoa. Fundi akasema kidogo, kisha kikaisha. Daktari akaandika, akasema pini ikipita kooni inakera, wengi hukohoa kidogo. Akaagiza picha ya tumbo.

Binti alifika akiwa bado na sare ya kazi, mikono imekunjamana kwa maji na sabuni. Alimkumbatia mwanawe, akamkumbatia na mama yake. Picha ilikuwa imeshatundikwa kwenye kioo chenye taa. Katikati ya vivuli vya kijivu kulikuwa na mstari mmoja mweupe, mwembamba, umelala kwa chini upande wa kushoto. Daktari alisema kichwa cha plastiki hakionekani kwenye picha, lakini pini yenyewe hiyo hapo. Imeshavuka tumbo, iko kwenye utumbo, na mara nyingi zenye kichwa hutoka zenyewe bila kuchoma mahali. Watamlaza siku mbili tatu wamwangalie. Binti akaachia pumzi aliyokuwa ameibana tangu kazini.

"Asante, Mama," akasema, akimshika mkono. "Angekuwa kwa mtu mwingine hata asingejua. Bora yupo kwako."

Mkono wa Fundi ulikuwa baridi ndani ya mkono wa binti yake. Pini moja kwenye sumaku, pini moja kwenye picha. Hesabu hiyo hata Kidoti angeiweza. Alijiambia kwamba ile ya tatu imeingia kwenye ufa wa sakafu. Alijiambia kwamba imenasa kwenye soli ya kiatu. Alijiambia atarudi nyumbani sasa hivi, atainua kila robota, ataipata, na hakutakuwa na sababu ya mtu kujua chochote. Alikuwa hata ameshachukua mkoba wake. Binti akamwambia ndiyo, Mama, nenda kapumzike, umeshafanya makubwa leo.

Kidoti alikuwa amekaa kitandani. Nesi alimpa glavu iliyopulizwa na kufungwa, yenye vidole vitano, na mtoto akacheka alipoiona. Katikati ya kicheko akakohoa. Mara mbili tu, halafu akaendelea kucheza. Hakuna aliyegeuka. Lakini Fundi, aliyekuwa ameinama kumbusu kwa kuaga, alisikia kitu kingine. Mtoto alipovuta pumzi, ndani kabisa kulikuwa na mluzi mwembamba, mwembamba sana, wa kitu kinachozuia hewa njiani.

Daktari alikuwa ameshashika kitasa cha mlango, ana mgonjwa mwingine anayemsubiri. Fundi alimtazama mgongoni. Alimtazama binti yake, aliyekuwa anamlaza mtoto na kumfunika shuka, uso umelegea kwa shukrani. Alijua wazi kwamba akifungua mdomo, uso ule hatauona tena ukimtazama vile, na pengine mtoto hataletwa tena saa moja asubuhi, wala siku nyingine yoyote. Akashika ukingo wa kitanda.

"Daktari," akasema. "Zilikuwa tatu."

Daktari akageuka. Fundi akasema yote kwa mfululizo, akiangalia sakafu: hakuokota, nilimpa mimi, nilimpangia mdomoni mwenyewe, tunacheza hivyo kila siku. Moja nimeiokota. Moja hiyo kwenye picha. Moja sijaiona, na sasa hivi nimesikia kifua chake kinapiga mluzi. Alikohoa sana, daktari, siyo kidogo. Alikohoa hadi akaiva uso.

Upole wa yule kijana ulibaki palepale lakini miguu yake ilibadilika mwendo. Alikuwa ameshaweka kipimo chake masikioni kabla Fundi hajamaliza. Alisikiliza kushoto, akasikiliza kulia, akarudi kulia, akakaa hapo muda mrefu. Akamwita nesi, akataka picha ya kifua. Akamwambia mama wa mtoto asimruhusu kuruka, kulia wala kucheka, na asimlishe kitu. Binti akamshika mwanawe asitikisike. Alikuwa anamtazama mama yake jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyemkuta amekaa ndani ya nyumba yake.

Picha ya pili ilionyesha pini ya tatu kwenye njia ya hewa ya pafu la kulia, imesimama, ncha juu. Daktari alisema hapo hospitalini hawana chombo cha kuitolea. Mtoto angeachwa akae kitandani akicheka na ile glavu siku mbili tatu, pini ingeweza kutoboa pafu. Hakusema hivyo kumlaumu mtu, lakini kila neno lilifika lilipokuwa linakwenda. Gari la wagonjwa likaitwa. Nesi akasema ndugu mmoja tu ndiye anayepanda, na binti akapanda na mwanawe bila kugeuka nyuma. Fundi alisimama kwenye lango, mkoba begani, mpaka gari lilipokata kona, ndipo akatafuta teksi.

Kwenye hospitali kubwa alipotea kwenye korido mara mbili. Alipofika, mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa umeshafungwa. Binti alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi, viatu vya Kidoti mapajani. Fundi akakaa mwisho mwingine wa benchi. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasoro. Magurudumu ya vitanda yalipita, na redio ya mtu fulani ilisikika nyuma ya ukuta. Fundi alikuwa anaomba. Alikuwa anaomba vibaya, bila mpangilio, anaanza dua moja anaingia nyingine, anaahidi macho yake, mikono yake, cherehani zote mbili.

"Mimi ulinichapa kwa rula," binti akasema, akiwa anaangalia mlango. "Nilikuwa na miaka mitano. Niligusa kopo la pini tu, sikufungua hata kifuniko."

Fundi alisema anakumbuka.

"Nilikuona mbaya. Siku mbili sikukusemesha, na wewe wala hukujali, uliendelea kushona." Akageuka sasa, macho mekundu. "Nataka kujua kitu kimoja. Kwa nini yeye hukumkataza?"

Zilikuwepo sababu nyingi ambazo bibi angeweza kuzitoa, za kazi na haraka na uzee. Fundi alizipitia zote, akaona hakuna hata moja inayomtosha.

"Wewe sikuwa na hofu kama utanipenda," akasema. "Ulikuwa wangu. Ungenuna siku mbili ungerudi, ungekwenda wapi? Huyu ana pa kwenda. Nilitaka anipende."

Binti alishusha macho kwenye vile viatu vidogo, akaanza kufunga na kufungua gidamu ya kimoja. Fundi alikuwa amesema jambo ambalo hakujua kwamba analijua, na lilimtia aibu kuliko ule uongo.

Saa tisa na nusu mlango ulifunguliwa. Daktari wa pale, mama mtu mzima aliyevaa kofia ya kitambaa, alisema imetoka. Walipitisha mpira mwembamba wenye taa na koleo dogo mbele, ikachukua muda kwa sababu ncha ilikuwa imeanza kushika nyama, lakini imetoka nzima na pafu ni zima. Ile ya utumboni itafuatiliwa kwa picha kila asubuhi. Binti alikunja mwili mbele akalia, viatu amevibana kifuani. Fundi hakuthubutu kumgusa. Alisimama karibu yake tu, machozi yanamdondokea kwenye blauzi.

Waliruhusiwa kuingia alipoamka. Kidoti alionekana mdogo kuliko asubuhi, midomo imekauka, sauti imekwaruza. Alimtazama mama yake, akamtazama bibi yake, akanyoosha mkono kwa bibi. Mama mtu aliona hivyo. Fundi aliushika mkono ule, ulikuwa na joto, na kwa dakika nzima hofu yote ya siku ile ilimtoka akabaki mtupu.

"Bibi," mtoto akanong'ona, "kesho tutacheza ufundi?"

Jibu rahisi lilikuwepo. Ukipona. Tutaona. Kesho mbali. Bibi gani hajui maneno hayo? Binti alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda, anamsubiri aseme. Fundi alimtazama mtoto usoni.

"Hapana," akasema. "Hatutacheza tena ule mchezo. Bibi alikosea kukupa pini. Ni hapana kesho, na ni hapana siku zote."

Kidoti alisubiri kicheko kifuate. Hakikuja. Midomo ikaanza kumtetemeka, akaunyofoa mkono wake.

"Basi sikutaki," akasema kwa ile sauti iliyokwaruza, akajifunika shuka, akageukia ukutani.

Fundi hakumfuata, hakumbembeleza, hakuahidi kitu. Alibaki amesimama palepale alipogeuziwa mgongo, mikono haijui pa kukaa, anaangalia bega dogo likipanda na kushuka, likipanda na kushuka, bila mluzi. Binti alizunguka kitanda. Alivuta kiti kilichokuwa ukutani, akakisukuma mpaka nyuma ya miguu ya mama yake.

"Kaa, Mama," akasema. "Atanuna mpaka jioni huyo."